Nyayo za mama zinawaka moto usiku: apime nini kwenye damu?

Swali, kwa ufupi:

"Shikamoo daktari. Ninafundisha shule ya msingi hapa Tandahimba. Mama yangu ana miaka 58, yuko kijijini, analima korosho. Mwaka na nusu sasa nyayo zinamwakia moto usiku mpaka anatoa miguu nje ya chandarua. Mchana zina ganzi, anasema ni kama anakanyaga sufi. Kandambili inamchomoka njiani bila yeye kujua. Tumempima malaria, taifodi, wingi wa damu, na sukari ya kidole saa nne asubuhi akiwa ameshakunywa chai, ikasoma 7.9. Tukaambiwa damu iko sawa. Akachomwa sindano tatu za vitamini za mishipa, moja kila wiki, ya mwisho ni miezi miwili iliyopita. Anatumia omeprazoli karibu mwaka wa tano kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na diklofenaki akizidiwa. Wazee wanasema ni mihogo michungu. Ndugu wa Dar wanataka tumpeleke akapimwe damu yote. Ni vipimo gani vya damu vitatuonyesha chanzo?"

Marahaba, mwanangu. Nisalimie mama. Hilo la kandambili limenieleza mengi kuliko karatasi za maabara mlizonazo. Mtu anayeumwa miguu kwa uchovu au kwa magoti huhisi kandambili ikimtoka. Asiyehisi, neva za nyayo zake zimeacha kupeleka habari, na zile zilizobaki zinapeleka habari ya moto ambao haupo. Hiyo ndiyo nyuropathia, yaani kuharibika kwa neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Huanzia kwenye vidole vya miguu kwa sababu neva za huko ndizo ndefu kuliko zote mwilini. Kila zinachohitaji hutoka mgongoni kwa safari ndefu, kwa hiyo upungufu au sumu yoyote hugonga mwisho wa njia kwanza. Ganzi ikishapanda hadi karibu na magoti, ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Muulize mama kama vifungo vya blauzi vimeanza kumsumbua.

Sasa, nyuropathia ni jina la kilichoharibika. Kilichoharibu bado hatukijui, na sababu zinazojulikana zinapita mia. Kwa hiyo kauli ya "damu iko sawa" naomba muiweke pembeni. Malaria haiwashi nyayo kwa mwaka na nusu. Taifodi pia haifanyi hivyo. Wingi wa damu umewaambia kwamba mama hana upungufu wa damu, basi. Katika vipimo vyote vinne, kilichogusa ugonjwa wake ni kimoja tu, cha sukari, nacho kilipimwa kwa namna isiyoweza kutoa hukumu.

Nianze na hapo. Kisukari ndicho chanzo kinachoongoza duniani cha ganzi ya namna hii. Sukari ya muda wowote huthibitisha kisukari ikifika 11.1 (namba hizi zote za sukari ni milimoli kwa lita) kwa mtu mwenye dalili. Sukari ya mama ya 7.9 baada ya chai haimtii hatiani wala haimwachii huru. Arudi asubuhi, akiwa hajala tangu usiku, angalau saa nane, maji matupu yanaruhusiwa, na damu ichukuliwe kwenye mshipa wa mkono na kusomwa maabara. Ikifika 7.0 au zaidi, na siku nyingine ikarudia hivyo, ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba sukari yake imeshatoka kwenye njia ingawa haijafika kwenye kisukari. Hapo ningeomba anyweshwe gramu 75 za glukosi na apimwe tena baada ya saa mbili, maana kuna watu ambao sukari yao ya asubuhi ni tulivu lakini wakila inaruka, na miguu yao inaumia miaka kadhaa kabla jina la kisukari halijatajwa.

Kuna pia HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ambacho hakihitaji kufunga. Ikifika asilimia 6.5 ni kisukari. Ni kipimo kizuri, lakini kwa watu wetu wa pwani na kusini nina tahadhari nacho. Kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, hivyo kinategemea chembe hizo ziishi umri wake wa kawaida, siku 120 hivi. Mwenye selimundu, au aliyetoka kuugua malaria kali iliyopasua chembe zake, chembe zake ni changa na hazijapata muda wa kukusanya sukari, basi majibu hutoka chini kuliko ukweli. Hata wenye vinasaba vya selimundu wasioumwa wanaweza kupata majibu yasiyo sahihi, kutegemea mashine iliyotumika. Kama kwenu kuna ndugu mwenye selimundu, mwambieni daktari kabla hajakiamini kipimo hicho peke yake.

Cha pili ni vitamini B12, na kwa mama yako hiki ndicho ninachokishuku zaidi, kabla sijaona karatasi yoyote. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo, na bila asidi hiyo tumbo hushindwa kuing'oa B12 kutoka kwenye nyama na samaki. Akiba ya ini hutosha miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hutumia dawa mwaka wa kwanza, wa pili, haoni kitu, kisha akiba inaisha. Metformini, dawa ya kisukari, nayo hupunguza B12 kwa njia nyingine, ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anayeumwa miguu anaweza kuwa na visababishi viwili kwa pamoja, na kila mtu akalaumu sukari tu. Muulize na chakula. Ugali wa muhogo, kisamvu, kunde na mbaazi ni chakula kizuri, lakini hakina B12. Ipo kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Ng'onda, samaki mkavu, anaipata mara ngapi kwa mwezi?

Usidanganyike na wingi wa damu kuwa mzuri. Vitabuni upungufu wa B12 huja na upungufu wa damu wenye chembe kubwa kupita kiasi, na daktari akiomba picha kamili ya damu huangalia ukubwa wa chembe, MCV, kama umepita 100. Lakini neva zinaweza kuharibika damu ikiwa haijaguswa kabisa. Anayekunywa vidonge vya foliki asidi, damu yake hurekebishika huku neva zikiendelea kuoza kimyakimya. Na mwenye upungufu wa madini ya chuma pia, chembe zake huwa ndogo kwa sababu ya chuma na kubwa kwa sababu ya B12, zikikutana katikati mashine inaandika kawaida.

Kwa hiyo B12 yenyewe ipimwe. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la shaka, na hapo maabara kubwa hupima kemikali mbili zinazopanda mwilini B12 inapokosekana: homosisteini na asidi ya methilimaloniki. Hiyo ya pili ndiyo inayoaminika zaidi, isipokuwa kwa mwenye figo dhaifu, maana kwake hupanda hata bila upungufu. Msishangae mkiambiwa sampuli inapelekwa Dar es Salaam. Damu ndiyo isafiri, mama abaki.

Hapa ndipo zile sindano tatu zinaponiuma. Sindano za mishipa kwa kawaida ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Zikishaingia, B12 ya kwenye damu hupanda na kubaki juu kwa wiki nyingi, na zile kemikali mbili nazo hushuka ndani ya siku chache. Mtu akipimwa baada ya hapo, karatasi itasema yote ni mazuri hata kama miezi mitatu nyuma alikuwa mkavu. Kwa mama, majibu ya chini yatakuwa na maana kubwa, lakini majibu ya kawaida hayatamwondolea shaka. Mpelekee daktari tarehe za sindano na jina lililoandikwa kwenye kichupa. Tena asiongezewe nyingine kabla damu haijatolewa. Ikishatolewa, daktari mwenye shaka kama yangu anaweza kumwanzishia B12 siku hiyohiyo bila kungoja majibu, kwa sababu ni dawa salama na neva hazina muda wa kusubiri. Lakini iwe B12 yenyewe. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile, na nimewaona watu waliokunywa vidonge vya vitamini vya dukani miezi na miezi, ganzi ikipanda, nao wakiongeza dozi.

Cha tatu wengi hawajakisikia: elektroforesisi ya protini, kipimo kinachotenganisha aina za protini zilizo kwenye damu. Baada ya miaka 50, kuna watu ambao chembe za uboho huanza kutengeneza protini ya aina moja kupita kiasi, na protini hiyo inaweza kushambulia neva. Mara nyingi ni hali tulivu ya kufuatiliwa tu, mara chache ni dalili ya saratani ya uboho. Mwaka 2009 chama cha mabingwa wa neva wa Marekani, American Academy of Neurology, kilipitia tafiti zilizokuwapo na kutaja vipimo vitatu vya damu vyenye nafasi kubwa kuliko vingine ya kuonyesha kitu kwa ganzi inayoanza nyayoni pande zote mbili: sukari, iliyokutwa na kasoro kwa wagonjwa kama 11 kati ya 100; protini, 9; na B12 pamoja na zile kemikali zake, karibu 4. Naiheshimu orodha hiyo, lakini ni ya watu wa mbali na huku. Kusini kwetu ninaongeza.

Ninaongeza VVU, kwanza kabisa, hata kama aliwahi kupima. Kipimo cha miaka minne iliyopita ni cha miaka minne iliyopita, na virusi vyenyewe huunguza neva za miguu bila dalili nyingine. Ni bure na majibu ni ya siku hiyohiyo. Ninaongeza kaswende. Kreatinini ya figo ni ya lazima kwa mama, kwa sababu ya diklofenaki. Dawa hiyo haina nguvu juu ya moto wa neva, ila ina nguvu juu ya figo na vidonda vya tumbo, kwa hiyo anaumia pande mbili bila kupata nafuu. Aiache. Daktari anaweza kumpa amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, akishahakikisha moyo na macho yake vinairuhusu. Vipimo vya ini, homa ya ini B na C, na homoni ya tezi ya shingoni, TSH, vinafuata kama fedha au bima inaruhusu. Aliwahi kutibiwa kifua kikuu? Isoniazidi huondoa B6 mwilini, ndiyo maana wagonjwa hupewa vidonge vya B6 pamoja nayo. Na pombe, muulizeni kwa upole. Msimu wa mabibo uraka na gongo huwa kila mahali, hata kwa mama wa heshima zake, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuambia kwa hakika kwamba pombe ndiyo iliyoharibu neva. Jibu linatoka kinywani mwake tu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lisingekuwamo kwenye jibu langu kama ungekuwa unaniandikia kutoka London. Ukoma. Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa ambayo ugonjwa huu haujaondoka, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoutambua. Unaweza kumaliza maabara nzima, karatasi zote zikawa safi, na mtu akawa nao.

Miaka ya nyuma niliona mvuvi wa Mikindani aliyekuja na bahasha nene. Sukari, figo, ini, VVU, kaswende, vyote safi, vimepimwa sehemu mbili tofauti. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeanza kupinda na alikuwa na kidonda cha moto asichokumbuka alikipataje. Nikamwomba avue shati. Mgongoni palikuwa na baka lililopauka, kubwa kama kiganja. Nikaligusa kwa unyuzi wa pamba akiwa amefumba macho, hakusema kitu. Nikapapasa nyuma ya kiwiko, neva ilikuwa nene kama kamba ya nyavu yake. Miezi kumi na moja alikuwa akitolewa damu, na muda huo wote jibu lilikuwa chini ya shati.

Ganzi ya mama, ya nyayo zote mbili kwa pamoja, haifanani sana na ya ukoma, ambao hupenda kuchagua neva hii na kuiacha ile, na baka lisilo na hisia. Hata hivyo akague ngozi yote kwenye mwanga wa jua, mgongo na makalio pia, wewe ukimsaidia. Daktari apapase neva nyuma ya viwiko, pembeni ya magoti na shingoni. Kukiwa na shaka hukwanguliwa utando mdogo wa ngozi na kutazamwa kwa hadubini. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na akishaanza kuzitumia hamwambukizi mtu.

Wazee wenu wa mihogo michungu msiwapuuze, wanakumbuka kitu cha kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mtwara ilipata wagonjwa wa konzo, wakati wa njaa watu walipokula muhogo mchungu bila kuuloweka na kuukausha vya kutosha. Lakini konzo hushika ghafla, ndani ya siku moja au chache, na miguu hukakamaa mpaka mtu anatembea kwa ncha za vidole. Haileti moto wa nyayo unaokua polepole kwa mwaka na nusu. Upo ugonjwa mwingine wa sumu ya muhogo, ulioandikwa sana kutoka Nigeria, unaoleta ganzi, kuyumba, kuona hafifu na masikio kuziba kwa watu wazima. Kama mama anayumba gizani au macho yamefifia, mwambieni daktari. Damu haitalithibitisha hilo. Kilichopikwa na jinsi kilivyoandaliwa ndicho kitakachosema. Kuhusu korosho, salfa ya ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, siishuku. Dawa za wadudu za jamii ya ogano fosfeti ndizo zinazoweza kuua neva, wiki moja hadi tatu baada ya mtu kupata sumu nyingi, na kwa kawaida miguu hulegea kabisa. Nisingeanzia huko.

Ndugu zako wa Dar wana nia njema, lakini kupima damu yote sikubaliani nako. Kiwango cha kawaida kwenye vipimo vingi hupangwa ili watu wazima 95 kati ya 100 waingie ndani yake, hivyo watano wasio na ugonjwa hubaki nje. Mpime mtu mzima wa afya vipimo 20 kwa mkupuo, na nafasi ya angalau kimoja kutoka na alama nyekundu ni kama asilimia 64. Utarudi Tandahimba na alama nyekundu isiyohusiana na miguu, mtaitafutia dawa, na nyayo zitaendelea kuwaka. Zile mashine za kushika mkononi zinazochapa magonjwa yote bila kutoa tone la damu, msizikaribie kabisa.

Mpelekeni hospitali ya Ligula au ya Ndanda, popote panapowafaa kwa nauli na bima, mkitanguliza simu kuuliza daktari wa magonjwa ya ndani yupo siku gani. Aende akiwa hajala, achukuliwe damu, ndipo anywe chai. Mbebe dawa zake zote kwenye mfuko, hata za kienyeji. Na mwombeni daktari ampime hisia za nyayo kabla ya kuandika vipimo: uzi wa nailoni unaominywa mpaka upinde, na chuma cha mtetemo kwenye kidole gumba. Kama hakumvua viatu, mwambie wewe, kwa heshima, "Daktari, naomba umtazame miguu."

Nisingekuwa mkweli kama nisingekwambia hili pia. Hata mahali penye kila kipimo, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne, pengine mmoja kati ya watatu, hukosa jina la chanzo. Wengi wao hali yao huenda polepole na wanaendelea kutembea. Ikifika huko, sukari irudiwe kila mwaka, maana hujitokeza baadaye.

Yapo mambo ambayo hayangoji miadi. Miguu ikianza kulegea na udhaifu ukapanda ndani ya siku chache, akashindwa kuinuka kitini, akaanza kuhema kwa shida, au mkojo ukagoma, ni hospitali usiku huohuo.

Wakati mnasubiri majibu, aache kandambili, avae viatu vilivyofunika vidole, na avikung'ute kabla ya kuvivaa. Asiweke miguu kwenye maji ya moto wala karibu na jiko la mkaa, kwa sababu ataungua bila kuhisi. Kila jioni wewe au mjukuu mtazame nyayo zake, na katikati ya vidole. Kuhusu omeprazoli, asiikate mwenyewe. Amuulize daktari kama bado anaihitaji baada ya miaka mitano, maana wengi waliandikiwa wiki nane tu na hakuna aliyewaambia waache.

Majibu yakitoka niandikie namba zenyewe pamoja na vipimo vyake, na tarehe ya kila sindano pembeni.